Yusufu Alipolia kwa Sauti

Masomo: Mwanzo 43:29-31, Mwanzo 45:1-8, Wagalatia 6:2-5

Mlio nyumbani, mlio safarini, na ninyi mnaokesha kando ya vitanda vya wagonjwa, karibuni tuketi pamoja kwa dakika hizi chache tulitafakari Neno la Mungu. Aliye na Biblia karibu naye na aifungue katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 43, aweke na alama katika sura ya 45, maana tutafika huko.

Lakini kabla ya kumfikia Yusufu, tutapitia njia ambayo huenda ikawashangaza wazee wetu. Tutazungumza habari za mchezo mmoja wa televisheni kutoka Korea Kusini. Wazee wetu, msiifunge redio. Tuvumilieni kidogo, na mwishoni mtaona kwamba hatukupotea njia.

Sote twajua jinsi vijana wetu wanavyoipenda michezo hii ya Kikorea. Wako wanaoweza kumwamkia mgeni kwa Kikorea kabla hawajajua kumwamkia nyanya yao kwa lugha ya nyumbani. Wazazi wanalalamika kwamba taa hazizimwi usiku, na malalamiko hayo yana haki yake. Hata hivyo, mzazi mwenye hekima haishii kuuliza, "Mbona mnatazama?" Huuliza pia, "Mnatafuta nini humo?" Kwa maana kisima anachokiendea mtu hutuonyesha kiu aliyo nayo.

Mchezo tunaousema ulianza kuonyeshwa Juni 20, 2020, ukamalizika Agosti 9 mwaka uo huo, katika sehemu 16. Ulionyeshwa na kituo cha tvN huko Korea, na kwa njia ya Netflix ukafika katika nchi nyingi, hata kwetu. Jina lake kwa Kiingereza ni It's Okay to Not Be Okay, na kwa lugha yetu tungesema kwamba si aibu mtu kukiri kuwa hali yake si njema. Mtakumbuka jinsi miezi ile ilivyokuwa. Ugonjwa wa korona ulikuwa umeingia, milango ya makanisa yetu ilikuwa imefungwa tangu Machi, na wafu wetu walizikwa na jamaa wachache tu. Wengi walikuwa na huzuni, wala hawakuwa na mtu wa kumweleza. Ndipo mchezo huu ukawakuta.

Hadithi yenyewe ni hii. Wako ndugu wawili yatima. Mkubwa, Moon Sang-tae, ni mtu mzima mwenye usonji, na ni hodari wa kuchora. Mdogo wake, Moon Gang-tae, anahudumu katika hospitali za magonjwa ya akili. Mama yao aliuawa zamani, na Sang-tae alimwona mwuaji. Kilichobaki machoni pake ni pambo la kipepeo alilolivaa mwuaji yule. Tangu siku hiyo, majira ya vipepeo yakifika, Sang-tae huota ndoto za kutisha, naye mdogo wake hufunga mizigo wakahamia mji mwingine. Wamehama hivyo mwaka baada ya mwaka.

Gang-tae ni mtu mpole. Kila mtu humsifu kwa jinsi anavyomtunza kaka yake. Naye kaka, kwa kuwa si rahisi kwake kutambua hisia za watu, amejifunza kuzisoma usoni. Basi Gang-tae huvuta pembe za midomo yake juu ili kaka aone tabasamu, aridhike kwamba mambo ni mazuri. Lakini moyoni mna jambo jingine. Alipokuwa mtoto alimsikia mama yake akisema kwamba alimzaa ili amtunze kaka yake. Mtoto yule akakua akidhani kwamba hakuzaliwa kuwa mwana, ila aliajiriwa kuwa mlinzi tangu tumboni. Tena iko siku ambayo barafu ya mto ilivunjika chini ya kaka yake. Gang-tae, mtoto aliyejaa uchungu, aligeuka kwenda zake. Kisha akarudi, akamwokoa. Naam, alimwokoa, lakini ile dakika ya kugeuka haikumtoka moyoni miaka yote.

Wa tatu ni mwanamke aitwaye Ko Moon-young, mwandishi wa vitabu vya watoto. Alilelewa na mama mkatili aliyetaka kumfanya awe mfano wake, na baba yake mwenyewe aliwahi kumkaba koo akitaka kumwua. Amekuwa mtu wa maneno makali, asiyejua kupenda ila kwa kunyang'anya. Huyu na Gang-tae wanakutana, na hapo ndipo mapenzi yanapoanza, kama ilivyo desturi ya michezo hiyo. Lakini mapenzi yao hayaendi kwa urahisi, kwa sababu kila mmoja amebeba kidonda kilichofunikwa vizuri.

Ndani ya mchezo huo mmetiwa hadithi ya watoto ambayo mwanamke huyo ameiandika. Ni habari za mvulana aliyesumbuliwa na ndoto mbaya kila usiku. Akamwendea mchawi, akamwomba amwondolee kumbukumbu zote za uchungu, naye angelipa baadaye. Ndoto zikakoma. Mvulana akawa mtu mzima, wala furaha haikuja. Mchawi aliporudi kudai malipo yake, mtu yule alimlaumu kwa kilio: ndoto zimekwisha, mbona hana raha? Naye akaambiwa kwamba mtu anayezikumbuka huzuni zake na kuzishinda ndiye anayepata nguvu ya kuwa na furaha, na aliyezitupa amebaki mtoto.

Sisi Wakristo hatuendi kwa wachawi kutafuta hekima, wala hatukubaliani na kila neno la hadithi hiyo. Lakini swali lake ni swali la Biblia pia. Sasa na tumwendee Yusufu.

Mnaijua habari yake tangu shule ya Jumapili. Alitupwa shimoni na ndugu zake, akauzwa, akasingiziwa, akafungwa gerezani. Kisha Mungu akamwinua akawa mkuu katika Misri. Alioa huko, akapata mwana, akamwita Manase. Ukisoma Mwanzo 41:51 utaona sababu ya jina hilo: Yusufu alisema kwamba Mungu amemsahaulisha taabu yake yote na nyumba yote ya baba yake. Kila alipomwita mtoto aje kula, alikuwa akitamka habari ya kusahau. Tunaweza kudhani kwamba hadithi imekwisha hapo. Mtu amepata cheo, mke, watoto na chakula. Anataka nini zaidi?

Lakini njaa ikaingia Kanaani, na siku moja ndugu zake wakasimama mbele yake wakitafuta nafaka. Mara moja Yusufu akakumbuka. Katika sura ya 42 akawapa kisogo, akalia. Katika sura ya 43, alipomwona Benyamini, mwana wa mama yake, aliharakisha kuingia chumbani, akalia humo peke yake. Halafu angalieni aya ya 31. Alinawa uso, akatoka, akajizuia, akaagiza chakula kiletwe.

Alinawa uso! Ndugu zetu, ni wangapi katika kanisa letu walionawa uso Jumapili hii kabla ya kuingia ibadani? Mama amelia jikoni tangu alfajiri, akanawa, akavaa kitambaa chake cha Umoja wa Akina Mama, akaja. Tunamwuliza, "Habari ya nyumbani, mama?" Naye hujibu, "Ni njema, Bwana asifiwe." Baba amepoteza kazi, na usiku hapati usingizi, lakini mlangoni anatoa mkono kwa kicheko. Kijana amewaza kujitoa uhai, na jioni ile ile ameongoza pambio. Wote wamenawa uso kama Yusufu, na wote wamevuta pembe za midomo kama Gang-tae. Wazee wetu walisema, mficha maradhi kifo humwumbua.

Kutokana na habari hizi tunajifunza mambo matatu.

Jambo la kwanza ni kwamba kusahau si kupona. Yusufu alidhani amesahau, na hata alimpa mtoto jina la kusahau, lakini jeraha lilikuwa hai. Nao ndugu wawili wa Korea walihama mji baada ya mji wakiwakimbia vipepeo, na vipepeo vilikuwa ndani yao. Wako watu kwetu wanaohama vivyo hivyo. Huyu amehama kazi, yule amehama nyumba, mwingine amehama kanisa hata mara tatu, na kila anakofika anakuta hofu yake imetangulia. Mungu hamponyi mtu kwa kumfuta kumbukumbu. Humwita aitazame kumbukumbu ile akiwa ameshikwa mkono.

Jambo la pili ni kwamba uponyaji una mahali pake na wakati wake, na una watu wake. Katika sura ya 45 Yusufu hakuweza kujizuia tena. Aliagiza watu wote watoke, wakabaki yeye na ndugu zake. Ndipo akalia kwa sauti hata Wamisri wakasikia. Hakulia sokoni mbele ya kila mtu, wala hakuendelea kulia chumbani peke yake. Alilia mbele ya wale waliohusika, mlango umefungwa. Hii ni hekima kubwa. Hatusemi kwamba kila mtu asimame kanisani kutangaza siri zake. Twasema kwamba kila mtu anahitaji angalau mmoja ambaye mbele yake hana haja ya kunawa uso.

Katika mchezo ule, siku ilifika ambapo Sang-tae alipiga kelele hospitalini, akalisema mbele ya watu lile jambo la barafu ambalo mdogo wake alilificha tangu utoto. Gang-tae alianguka akilia, akimwomba kaka yake radhi. Ilikuwa siku ya aibu. Ikawa pia mwanzo wa kupona kwake. Baadaye akaja kutambua kwamba mama yake alimpenda yeye pia, kwa kuwa tambi zile za mchuzi mkali alizowanunulia zilikuwa chakula alichokipenda yeye, Gang-tae, wala si kaka yake. Alikuwa ameukumbuka usemi mmoja wa kuumiza, akasahau sahani nyingi za upendo. Je, si ndivyo tulivyo hata sisi na wazazi wetu?

Jambo la tatu ni kwamba mwana hachukui uovu wa mzazi wake. Mchezo unapokaribia mwisho inajulikana kwamba mwuaji wa mama yao alikuwa mama yake Moon-young. Hapo tungetazamia kisasi, kama michezo mingine inavyofanya. Lakini ndugu wawili wale, baada ya machozi mengi, wanampokea yule mwanamke kuwa mmoja wa jamaa yao. Nabii Ezekieli alilifundisha jambo hilo katika sura ya 18, aya ya 20. Naye Yusufu alipita hapo, akawaambia ndugu zake kwamba ni Mungu aliyemtanguliza Misri ili kuokoa maisha ya watu. Hakusema kwamba hawakumtenda ubaya. Aliutaja ubaya wao, kwa kuwa alisema wazi kwamba walimwuza. Msamaha wa kweli hutaja deni kwanza, ndipo hulifuta.

Sasa tutasema kidogo juu ya watu wa Korea wenyewe, maana tusidhani kwamba wanaandika habari za majeraha kwa kucheza. Nchi yao ilitawaliwa na Japani tangu 1910 hadi 1945. Kisha ikagawanywa, na vita vya 1950 hadi 1953 vikawatenga jamaa ambao wengi wao hawakuonana tena. Korea Kusini ya leo ni tajiri, lakini kwa miaka mingi imekuwa na kiwango cha juu sana cha watu wanaojiua kuliko nchi nyingine tajiri. Wana neno lao, han, yaani uchungu uliolundikana moyoni kwa muda mrefu bila kupata pa kutokea. Mwanatheolojia mmoja wa huko, Suh Nam-dong, aliyefungwa gerezani mwaka 1976 kwa kuitetea haki, alifundisha kwamba mchungaji anaitwa awe kuhani wa han, mtu anayesaidia uchungu huo upate kufunguliwa. Ni fundisho la kukumbukwa na kila mtu aliyewekewa mikono.

Tena, katika mji wa Pyongyang mwaka 1907 palitokea uamsho mkubwa, ambapo viongozi na waumini walisimama wakaungama dhambi zao kwa machozi. Sisi wa Afrika Mashariki tunaielewa lugha hiyo. Uamsho ulioenea kutoka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 uliwafundisha wazee wetu kutembea nuruni, kuungama na kupatanishwa. Tunamshukuru Mungu kwa urithi huo. Lakini tutazame sana: iko tofauti kati ya dhambi na jeraha. Dhambi ni ubaya nilioutenda, na jeraha ni ubaya niliotendewa. Kanisa letu lina nafasi ya mtu kusema, "Nimekosa." Je, lina nafasi ya mtu kusema, "Nimeumia"? Mara nyingi anayesema ameumia huambiwa aongeze imani, aombe zaidi, afunge. Msichana aliyeharibiwa na mtu wa ukoo huambiwa asamehe upesi ili ukoo usiaibike. Huko si kuponya. Nabii Yeremia aliwakemea watu wa namna hiyo katika sura ya 6, aya ya 14, wanaoliganga jeraha kwa juujuu tu, wakitangaza amani mahali pasipo na amani.

Na sasa neno kwa ninyi mnaowatunza wagonjwa na walemavu wa akili nyumbani. Wako mabinti waliokosa kuolewa kwa ajili ya ndugu yao, na mama wazee wanaojiuliza kila usiku, "Nikifa, mtoto huyu ataachiwa nani?" Watu huwasifu, kisha huondoka. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Anayeutazama huuona mwepesi. Yamkini nawe umewahi kuchoka hata ukatamani mgonjwa wako asingekuwapo, kisha ukaliogopa wazo hilo na kulificha. Sikia: Mungu alilijua kabla hujalificha. Zaburi zimejaa maneno mazito kuliko hilo, na Mungu aliyaruhusu yaandikwe. Mwambie. Kisha mwambie na mtu mmoja anayemcha Mungu, upate kupumzika.

Nanyi washiriki wengine, Paulo amewaandikia katika Wagalatia 6:2 mchukuliane mizigo. Msiombe tu. Mwendeeni yule mama siku ya Jumamosi mketi na mtoto wake, ili yeye afue, alale, au aende kwa jirani akacheke. Na mgonjwa naye asifichwe chumba cha nyuma wageni wanapokuja. Sang-tae aliajiriwa na mkuu wa hospitali achore picha kubwa ukutani, na ni yeye aliyeombwa kuwachora vipepeo wale wale aliowaogopa. Alikataa muda mrefu. Hakulazimishwa. Mwishowe aliwachora kwa mkono wake mwenyewe. Mtu huyo aliyedhaniwa kuwa mzigo ana karama aliyopewa na Mungu, na kanisa linalomficha linajinyima.

Wala tusidharau hospitali. Daktari wa akili ni mtumishi wa Mungu kama daktari wa macho, na dawa si upungufu wa imani. Hospitali ya Mathari imekuwapo Nairobi tangu 1910, na bado wako watu wanaolitaja jina lake kama tusi. Na tuache. Mwezi wa Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba kifungu cha sheria kinachomhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu kinapingana na Katiba. Ikiwa mahakama imeona kwamba mtu huyo anahitaji msaada kuliko pingu, kanisa lisiwe la mwisho kuona.

Kabla hatujamaliza, tuwaonye vijana wetu kwa upendo. Katika mchezo ule mna lugha chafu, mna ukatili, na mna mambo ya mapenzi yasiyolingana na utakatifu. Tena michezo hii yaweza kumfundisha mtu uongo mmoja mtamu, kwamba atokee mpenzi mzuri, na majeraha yote yatafungwa. Binti yetu, kijana wetu, hakuna mwanadamu awezaye kuwa Kristo wako. Ukimtwika mchumba wako kazi ya Mwokozi, mtaanguka wote wawili. Mpende, lakini kisima chako kiwe kwingine.

Mwokozi wetu ni mmoja. Tazameni Yohana 20, aya ya 27. Yesu amefufuka, ameshinda mauti, ana mwili wa utukufu. Je, alifuta alama za misumari? Hakuzifuta. Alimwita Tomaso azitazame na kuzigusa. Makovu yale yalikuwapo, lakini hayakutoa damu tena, na kwa hayo Tomaso alimtambua Bwana wake. Hivyo ndivyo Mungu anavyoponya. Hatuahidi kwamba utasahau. Twakuahidi kwa Neno lake kwamba yako makovu yanayoweza kuguswa bila kuuma, na yanayoweza kumsaidia mwingine aamini.

Na tuombe.

Ee Bwana, wewe uliyelia penye kaburi la Lazaro, uwatazame wote walionawa uso leo ili tusiyaone machozi yao. Uwape mtu wa kumwambia, nasi utupe masikio. Uwatie nguvu wanaowatunza wagonjwa, uwaongoze madaktari na wauguzi, uwazuie wanaowaza kujiangamiza, uwaletee rafiki usiku huu huu. Kwa ajili ya Yesu Kristo, aliyejeruhiwa kwa ajili yetu. Amina.

Neema na amani ziwe nanyi nyote, hadi tutakapokutana tena, Bwana akipenda.